Chui na Kima wa Unguja

Neno safari lilitoka pwani ya Afrika ya Mashariki likaenda kukaa katika lugha za Ulaya, na huko lilikokwenda lilipunguka maana. Richard Burton alipofika Unguja mwezi wa Disemba 1856, akajitayarisha kwa mwendo wake wa bara wa mwaka uliofuata, neno hilo lilikuwa la kila siku katika vinywa vya wapagazi na wafanyi biashara. Safari ilikuwa mwendo wa mtu kutoka mahali hata mahali, awe ameona mnyama njiani au hakuona hata mmoja. Kwa wageni ikawa mwendo wa kutazama simba na tembo, na kwa maana hiyo nyembamba imerejea nyumbani kama mtoto aliyekwenda kukaa ugenini akasahau nusu ya maneno ya mamaye. Siku hizi mgeni afikaye Unguja akiuliza habari za safari huonyeshwa njia ya kuvuka bahari kwenda Serengeti au Ruaha, kwani kisiwa hakina tembo wala twiga. Tembo waliofika Unguja zamani walifika kwa pembe zao tu, nazo ndizo zilizoufanya mji huo kuwa soko kubwa la pembe katika karne ya 19.

Hata hivyo kisiwa hicho kina Hifadhi ya Taifa moja, Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na yenye eneo la kilomita za mraba 50. Kwa mtu aliyezoea hesabu za bara ni kiwanja kidogo. Lakini habari za mahali hapo ni nzito kuliko upana wake, na sehemu kubwa ya habari hizo ni ya wanyama wawili ambao wenyeji waliwachukia wote wawili. Mmoja aliangamizwa kwa amri na kwa furaha, na wa pili akawa fahari ya nchi iliyochorwa katika vitabu vya wageni. Kwa nini mambo yalikwenda hivyo si swali jepesi, wala halijibiki kwa kusema kwamba watu waliamka wakaona thamani ya viumbe.

Yafaa kuanza mbali kidogo. Unguja haikuwa kisiwa tangu asili. Wakati maji ya bahari yalipokuwa chini, katika zama za baridi kuu ya dunia, ilikuwa ncha ya bara, na wanyama walikwenda na kurudi kwa miguu yao. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya punda milia, nyati na kuro, wanyama ambao hakuna mzee wa Jambiani aliyepata kusimuliwa kwamba waliishi hapo. Bahari ilipopanda, yapata miaka 10,000 iliyopita, wanyama wakubwa walifungiwa katika ardhi ndogo wakafa kizazi baada ya kizazi. Waliobaki ni wale walioweza kuishi kwa kidogo: paa, nguruwe, kima, na juu yao wote chui, maana mwindaji wa kuwatawala sasa alikuwa mmoja tu. Pemba nayo ilikwisha tengwa na bara zamani zaidi kwa mkondo wenye kina kirefu, ndiyo sababu haikupata kuwa na chui. Tofauti hii ya visiwa viwili vya ndugu si ya kupuuzwa. Watu wa Pemba wana sifa ya uganga inayojulikana pwani nzima, lakini habari za kufuga chui ni za Unguja, na haikuwezekana ziwe za kwingine.

Msitu wa Jozani umekaa kama kilomita 35 kusini mashariki ya mji, mahali ambapo udongo mzito wa magharibi unakutana na nchi ya maweni. Maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, na masika ikiwa kubwa mashina ya miti husimama ndani ya maji. Hapo huota mitondoo, michikichi na miwale, na upande wa ghuba msitu hushuka mpaka kwenye mikoko. Kandokando yake wamekaa watu wa Pete, Kitogani, Ukongoroni, Charawe na vijiji vingine, ambao wengi wao ni wa ukoo wa Wahadimu. Mikarafuu haikuwapendelea, kwani haioti katika maweni. Riziki yao ilitoka katika kulima kwa kuhamahama, kukata kuni, kuchoma chokaa na mkaa, kuvua na kusuka. Katika miaka ya 1930 na 1940 palikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao ndani ya msitu. Baadaye Serikali ikautwaa, na mwaka 1960 ukatangazwa kuwa msitu wa akiba. Shabaha ya tangazo hilo ilikuwa miti. Mnyama hakuwa na sauti katika hesabu ya mwaka huo.

Kima wa Jozani alijulikana na wenyeji kwa jina la kima punju. Punju ni sumu, na jina hilo alipewa kwa harufu yake, ambayo si kama ya kima wengine, na kwa imani kwamba mti anaoula hudhurika. Waislamu hawamli, na mwenye shamba hamtaki. Lakini mgongo wake ni mwekundu kama udongo wa kufinyangia, uso wake umezungukwa na nywele nyeupe kama za mzee, na hapatikani mahali pengine popote ulimwenguni ila Unguja, na wachache waliopelekwa Pemba katika miaka ya 1970 wakaachwa katika msitu wa Ngezi. John Kirk, tabibu aliyeletwa Unguja na Serikali ya Kiingereza mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mwenye nguvu katika baraza la Sultani, alipeleka mfano wake Uingereza, na mwaka 1868 mtaalamu aliyeitwa Gray akamwandika katika orodha ya wanyama kwa jina la Kirk. Hivyo mnyama mmoja akawa na majina mawili: katika vitabu jina la balozi, na katika mashamba jina la sumu. Ni vigumu kusema lipi lilimfaa zaidi, ila la kwanza lilikuwa na watu wa mbali wa kulitetea.

Chui pia alichelewa kuingia katika vitabu. Mwaka 1932 R. I. Pocock wa London alitazama ngozi zilizokuwa mbele yake akaona kwamba chui wa Unguja ni mdogo kuliko wa bara na madoa yake yamevunjika kuwa vitone vidogo, akamtenga na wenzake na kumwita kwa jina la Aders, mtaalamu wa viumbe wa Serikali ya Unguja. Aders huyohuyo ndiye ambaye paa nunga amepewa jina lake katika lugha ya wataalamu. Kwa wenyeji hapakuwa na haja ya Pocock. Wao walikwisha kuwagawanya chui wao kuwa konge na kisutu, kila mmoja na umbo lake na tabia yake. Wataalamu walioandika juu ya chui kwa muda mrefu walifanya kazi na ngozi sita au saba, na watu waliomwona akiwa hai hawakuulizwa ila kwa nadra.

Lakini elimu ya wenyeji haikukoma katika sura ya chui. Iliaminiwa, na wengi wanaamini hata leo, kwamba chui ni wa namna mbili: chui wa mwitu ambaye ni mnyama kama wanyama wengine, na chui wa kufugwa ambaye ana mwenyewe. Mfugaji alisemwa kumpata akiwa mchanga, au kumrithi, kumlisha, kumficha kwa dawa, na kumtuma usiku kwa jirani ambaye amegombana naye. Mbuzi akichukuliwa, suala halikuwa chui yuko wapi, bali chui ni wa nani. Mtu asiharakishe kuyacheka mambo haya. Imani hii ilikuwa namna ya kueleza kwa nini balaa humpata huyu na kumwacha yule, swali ambalo vitabu vya elimu ya viumbe havikulijibu wala havikulitaka. Hatari ilikuwa kwamba imani hiyo humgeuza mnyama kuwa shahidi dhidi ya mtu. Mzee anayekaa peke yake pembezoni mwa kijiji, mwenye ugomvi wa mpaka na jirani zake, mara huonekana kuwa mtu mwenye chui.

Wakati wa utawala wa Kiingereza watu waliongezeka, mashamba yakasogea ndani ya vichaka, paa na nguruwe wakasakwa kwa mbwa na nyavu, na chui akapungukiwa chakula chake. Alipokosa paa alichukua mbuzi na kuku, na mara chache, inasimuliwa, mtoto. Kadiri alivyoonekana zaidi karibu na nyumba, ndivyo ilivyothibitika machoni pa watu kwamba ametumwa. Mambo mawili yalilishana hapa: msitu ulipopungua chui alikaribia, na alipokaribia uchawi ulionekana kuzidi.

Ndipo yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ulifanywa msako uliounganisha vita viwili katika kimoja, vita vya wachawi na vita vya chui, ukiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akafichua waliosemekana kuwa wafugaji, na chui wakauawa. Serikali mpya iliyotaka kuwaonyesha wananchi kwamba kila dhuluma ya zamani imekwisha haikuwa na sababu ya kumtetea mnyama ambaye wananchi wenyewe walimhesabu kuwa chombo cha dhuluma. Kwa hesabu ya siasa kampeni hiyo ilikuwa na busara yake: ilijibu malalamiko ya watu wa vijijini ambayo wakoloni waliyapuuza kwa dharau. Kwa hesabu ya haki za watu waliotajwa majina mbele ya majirani zao, hapana shaka ilikuwa jambo lingine. Aliyetajwa alibaki kijijini. Mkarafuu unaweza kuchukuliwa na kurudishwa, lakini mtu akiisha kuitwa mfuga chui mbele ya baraza hawezi kurudishiwa jina lake, wala wanawe.

Kazi iliendelea baada ya Kitanzi. Wasasi walijipanga katika chama, wakapewa bunduki na ruhusa, wakawinda nguruwe na kima kwa ajili ya mashamba, na chui walipompata. Hesabu za Serikali ziliendelea kutaja chui waliouawa hata katikati ya miaka ya 1990, ingawa kwa wakati huo hakuna mtaalamu aliyeweza kumwona mmoja. Hesabu hizo zinashangaza kidogo. Ama chui walikuwako na wasasi waliwapata pale wataalamu waliposhindwa, jambo ambalo haliko mbali na akili, maana msasi anakaa mwituni. Ama karani aliendelea kujaza safu ambayo fomu ilimtaka aijaze.

Kima punju naye aliponea chupuchupu. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 na 1970 alihesabiwa miongoni mwa waharibifu, akauawa mashambani, na misitu yake ikapungua mpaka watu wenye elimu wakaanza kusema kwamba kizazi chake chote kiko hatarini. Lakini yeye alikuwa na bahati tatu ambazo chui hakuwa nazo. Kwanza, anaonekana mchana. Mtalii akishuka garini Jozani humkuta juu ya mti wa karibu, akila majani bila haraka, na mnyama anayekubali kutazamwa amekwisha jilipia nusu ya chakula chake. Pili, yuko Unguja tu, na neno hilo "tu" lina thamani kubwa katika vyama vya uhifadhi vya Ulaya na Marekani. Tatu, na pengine hii ndiyo kubwa, ubaya wake haukuwahi kuwa ubaya wa mtu. Kima alikula nazi changa. Hakutumwa na jirani kuzila. Ugomvi wa nazi unaweza kuhesabiwa kwa fedha na kumalizwa kwa fedha, angalau kwa kiasi. Ugomvi wa chui haukuwa na bei.

Wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliukamata ugomvi huo wa nazi kwa mikono yao miwili. Walihesabu nazi changa zilizoliwa na kima na nazi zilizovunwa na wakulima, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba ulaji wa kima haukuonekana kupunguza mavuno. Pale ambapo kima walikula zaidi, mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi, kwa kuwa mnazi uliopunguziwa nazi changa hulisha vizuri zilizobaki. Hoja ni nzuri na huenda ni ya kweli. Lakini mkulima anayesimama chini ya mnazi wake na kutazama nazi changa zikidondoka hashawishiki kwa wastani wa minazi mingi, na wala si minazi peke yake anayoilalamikia. Jambo la ajabu zaidi lilikwisha andikwa mwaka 1997, nalo lahusu mkaa. Kima wa mashambani hula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana lishe nyingi pamoja na vitu vichungu vinavyozuia mmeng'enyo. Wakagundua dawa yake. Huokota mkaa kwenye visiki vilivyoungua na katika matanuri ya wachoma mkaa, wakautafuna, na mkaa huo hukamata ule uchungu tumboni. Watoto huonekana kujifunza kwa mama zao. Hivyo mnyama aliyeitwa sumu ndiye aliyejifunza kuondoa sumu, tena kwa kitu kilichotengenezwa na watu haohao waliompa jina.

Mradi wa kuhifadhi Jozani na Ghuba ya Chwaka ulianza mwaka 1995 kwa msaada wa chama cha CARE na fedha za Austria, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria Nambari 10 ya 1996 ya misitu, ambayo iliruhusu vijiji kufanya mikataba na Serikali ya kutunza misitu yao wenyewe. Wakati huo ndipo jambo la chui lilipotokea tena, na kwa sura ambayo hakuna aliyeitarajia. Ulitungwa mpango wa kumhifadhi. Wataalamu waliingia vijijini kuuliza, na baadhi ya watu wakawajibu kwamba chui wapo, wanafugwa, na kwa malipo wanaweza kuonyeshwa. Maneno yaliyokuwa mashtaka ya kumfukuzisha mtu kijijini miaka 30 nyuma sasa yalikuwa bidhaa inayoletwa sokoni. Hapana chui aliyeonyeshwa, na mwaka 1997 mpango ukaachwa kwa kukosa ushahidi. Wengine waliona katika habari hiyo ujanja tu wa watu maskini. Helle Goldman na Martin Walsh, walioifuatilia kwa miaka mingi, waliichukua kwa uzito zaidi, wakaandika kwamba hakuna uhifadhi wa chui Unguja usioanza kwa kuelewa maana ya kufuga chui. Na katika hilo ni vigumu kuwapinga. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa na watengenezaji wa filamu wa Marekani ilinasa kwa muda mfupi mnyama aliyesemwa kuwa ni chui. Ubishi haukwisha, na hakuna aliyeleta ushahidi uliokubaliwa na wote. Chui ambaye hana ubishi ni yule aliyejazwa nyuzi na kuwekwa katika Makumbusho ya mjini, ambaye vizazi viwili vya watoto wa skuli wamepelekwa kumtazama.

Kima naye amezidi. Sensa iliyochapwa mwaka 2019 ilikuta zaidi ya kima 5,800, idadi iliyopita sana makisio ya zamani. Pemba pia ina habari ya namna hiyo kwa upande wa popo wake wakubwa, ambao mwaka 1989 walidhaniwa kuwa wamebaki wachache mno na sasa ni maelfu, kwa kuwa vijiji kama Kidike viliona faida ya kuwaacha. Fedha za wageni wa Jozani zimegawanywa, sehemu kwa Serikali na sehemu kwa vijiji, zikasaidia visima, madarasa na zahanati. Wakulima wenye mashamba yaliyo kando ya lango, ambamo kima hupenda kukaa kuliko msituni, waliunda umoja wao ili kudai fungu lao. Barabara ya kwenda kusini inapita papo hapo. Gari za mahoteli ziliwagonga kima wengi mpaka yakawekwa matuta, na vifo vikapungua.

Madai ya wakulima hao hayajafungwa. Wao husema kwamba kima analala Serikalini na kula kwao, na kwamba mgeni hupiga picha juu ya mwembe ambao mwenyewe hakuulizwa. Kila mwaka wa malipo hujadiliwa tena ni nani aliye ndani ya mpaka wa kulipwa na nani aliye nje yake, na kima, ambaye hajui mpaka huo, huuvuka asubuhi kwenda kwenye mikungu na jioni hupitia kwenye matanuri kuokota mkaa.